Postinomu Yangu Muliitupa Wapi? Historia ya akaunti ya mtumiaji, kutoka Kansas mpaka Niemba



Leo naandika kuhusu kosa langu mwenyewe, halafu nitawapeleka mbali kidogo kutafuta lilikotoka. Wale wanaojua kuandika programu wanivumilie nikieleza vitu wanavyovijua. Wale wasiojua wasikimbie, maana habari yenyewe ni ya majina, na jina kila mtu analo.

Nilijitolea kutengeneza daftari la wanachama la kwenye intaneti. Karatasi zetu zilikuwa zimechoka, nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine zimebaki kwa katibu wa zamani aliyehama. Nikachukua Django, kile kiunzi cha kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, kwa sababu ndicho nilichojifunza. Uzuri wake ni kwamba mambo mengi unayakuta tayari. Unataka watu wafungue akaunti, waingie kwa neno la siri, wengine wawe wasimamizi? Yote yamo. Kwa siku mbili daftari lilikuwa linafanya kazi. Nilijisifu, sitaficha.

Halafu ikaja orodha ya Niemba. Mnapajua: kituo cha reli ya kutoka Kabalo kuja Kalemie, mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Wenzetu wa kule waliandika majina yao kwenye karatasi, mmoja akaileta mjini, mimi nikayaingiza moja moja. Fomu ilikuwa na nafasi mbili za jina, first_name na last_name. Sisi Wakongo tuna tatu: jina, postinomu, na prenomu. Nikafanya kama wengi wanavyofanya. Prenomu nikaiweka ya kwanza, jina nikaliweka la mwisho, postinomu nikaiacha. Nilijiambia nitaiongeza baadaye.

Nisitaje majina yao ya kweli, lakini tuseme kwenye karatasi kulikuwa na Ilunga Kabamba Pierre na Ilunga Mwamba Pierre. Walimu wawili, kila mmoja na diplomu yake, kila mmoja na watoto wake. Nilikuwa nimeweka ukaguzi wa kuzuia mtu asijiandikishe mara mbili. Programu ikaona Pierre Ilunga, kisha Pierre Ilunga mwingine, ikamhesabu wa pili kuwa ni yule yule, ikamtupa kimyakimya. Wiki chache baadaye chama kilitakiwa kupeleka orodha ya wenye diplomu kwa ajili ya nafasi za mafunzo. Tukaichapa kutoka kwenye daftari langu zuri. Mmoja alipata, mwingine hakuwemo hata kwenye karatasi. Alipokuja Kalemie alinikuta ofisini, akakaa, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwana, postinomu yangu muliitupa wapi?"

Nilisema, "Papa, nisamehe, ni makosa ya ordinatere." Njo vile tunasemaga. Lakini ordinatere haikuamua kitu. Kuna mtu aliamua kwamba binadamu ana majina mawili, na mimi nikakubali bila kuuliza. Nikataka kujua ni nani.

Nikajikuta Kansas.

Django haikuzaliwa kwenye kampuni kubwa. Ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la mji mdogo, Lawrence Journal-World, katika jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 2003 vijana wawili waliokuwa wakitengeneza tovuti za gazeti hilo, Adrian Holovaty na Simon Willison, walianza kuandika vifaa vyao wenyewe, maana wahariri walikuwa wakidai kazi leo na wanaitaka leo. Mwezi Julai 2005 vifaa hivyo vikatolewa hadharani, bure, kwa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt.

Sasa angalia jedwali la watumiaji walilotuachia. Lina jina la kuingilia, first_name, last_name, barua pepe, neno la siri. Lina pia alama za ndiyo au hapana: is_active, je akaunti iko hai, is_staff, je mtu huyu anaruhusiwa kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi, is_superuser, je anaruhusiwa kila kitu. Ukilisoma huku ukikumbuka chumba cha habari, kila kitu kinaeleweka. Mwandishi ana jina lake na jina la ukoo. Ana barua pepe ya kazini. Wengine ni wafanyakazi wa gazeti, wengine ni wasomaji. Majina yote mawili yalipewa herufi 30 kila moja, na kwa John Smith hizo zinatosha na kubaki. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walichora mtu waliyemwona mbele yao kila asubuhi, na mtu huyo alikuwa wa Lawrence, Kansas.

Shida ilianza pale jedwali hilo lilipopanda ndege. Waliolichukua walikuwa watu wa nchi nyingi, wenye kazi ambazo gazeti halizijui. Mmoja anataka watu waingie kwa barua pepe, mwingine kwa namba ya simu, mwingine ana majina marefu kuliko herufi 30. Na jedwali lilikuwa limefungwa ndani ya kiunzi, huwezi kuligusa. Ulichoruhusiwa ni kuweka jedwali la pili pembeni, wakaliita wasifu, lililounganishwa na lile la kwanza mtu kwa mtu. Jina lako liko huku, simu yako iko kule, na kila ukimtafuta mtu unabisha milango miwili. Wengine walikuwa na ujanja wa kubadilisha urefu wa safu kwa nguvu wakati programu inapoamka. Ulifanya kazi mpaka siku toleo jipya linapotoka.

Mwaka 2006 mtu aliandika ombi kwenye orodha ya kazi za Django kwamba jedwali la watumiaji liweze kupanuliwa. Ombi namba 3011. Kaa nalo kidogo hili, maana ndilo lililonishangaza kuliko yote. Lilikaa wazi kama miaka sita, kwa kitu kinachoonekana kidogo hivyo! Watu walibishana, wakaleta mapendekezo, yakakataliwa, yakaja mengine. Sababu ni kwamba kila kitu kingine kilikuwa kimeshajengwa juu ya jedwali lile. Makala ina mwandishi, mwandishi ni mtumiaji. Maoni yana mtoaji, mtoaji ni mtumiaji. Programu nyingi duniani zilikuwa zimeandika jina la jedwali hilo moja kwa moja ndani ya msimbo wao. Ukilihamisha, zote zinaanguka.

Hatimaye Russell Keith-Magee, Mwaustralia wa Perth, ndiye aliyelisukuma mpaka mwisho, na toleo la 1.5 likatoka tarehe 26 Februari 2013. Kuanzia hapo unaandika mstari mmoja kwenye mipangilio, AUTH_USER_MODEL, unaueleza kiunzi kwamba mtumiaji wangu mimi ni huyu. Una njia mbili. Ukirithi AbstractUser unapata safu zote za zamani na unaongeza zako. Ukirithi AbstractBaseUser unapata karibu neno la siri tu na tarehe ya mwisho ya kuingia, mengine unajenga mwenyewe, hata kuchagua mtu ataingia kwa kitu gani.

Jedwali la asili nalo limekuwa likinyooshwa polepole. Jina la kuingilia lilifika herufi 150 mwaka 2016, last_name mwaka 2017, na first_name ikangoja mpaka Agosti 2020. Miaka kumi na mitano kwa safu moja kuongezewa nafasi! Lakini safu ya tatu ya jina haikuja, wala haitakuja. Ya tatu kwetu ingekuwa ya kupita kiasi kwa Mjava mwenye jina moja tu.

Na nyaraka rasmi za Django zilikuwa zikilisema wazi jambo ambalo mimi nililiruka nikisoma kwa haraka: ukianza mradi mpya, weka modeli yako ya mtumiaji tangu mwanzo, hata kama ile ya kawaida inakutosha leo. Iweke kabla ya kuunda jedwali la kwanza. Ukishaweka watu ndani, kubadilisha ni kazi ngumu, kwa sababu majedwali mengine yote yanamwelekeza mtu wa zamani.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo nilipogundua kwamba sisi tulilijua jambo hili kabla ya kompyuta.

Wabelgiji walikuwa na jedwali lao. Mwanaume mzima aliandikwa kijiji chake, chifu wake, kabila lake, kodi aliyolipa. Ilikuwa hesabu ya kodi na ya mikono ya kazi, na kwenda kukaa mbali na kwenu kulihitaji karatasi ya ruhusa. Mwaka 1948 wakaongeza alama mpya, kadi ya ustahili wa kiraia, kwa wale walioitwa évolués, yaani wasomi wa wakati ule, mababu wa vyama kama hiki chetu. Mwaka 1952 wakaweka daraja la juu zaidi, uandikishaji uliomkaribisha Mwafrika kwenye haki za Mzungu. Ili uupate, tume ilikuja nyumbani kuangalia mnavyokula na mnavyolala. Walioupata nchi nzima walikuwa mia chache tu. Nikisoma is_staff na is_superuser siwezi kuacha kuwakumbuka wazee wale waliokaa sebuleni wakingoja Mzungu ahesabu uma na visu.

Na kama wewe ni wa Niemba, kuna daftari lingine linalokuhusu. Tarehe 8 Novemba 1960, Katanga ikiwa imejitenga, doria ya wanajeshi 11 wa Ireland waliokuja na Umoja wa Mataifa ilifika kwenye daraja lililobomolewa la mto Luweyeye, si mbali na Niemba. Vijiji vya Baluba vilikuwa vimeshambuliwa na jandarmeri ya Katanga, watu walikuwa na hofu na hasira, na waliona sare za wageni weupe. Waireland 9 walikufa. Majina yao yote yanajulikana, vyeo vyao, miji waliyotoka. Wana kaburi lao Glasnevin, Dublin, na mpaka leo watoto wa Ireland wanaweza kulisikia neno Niemba wasijue kwamba ni mahali ambapo watu wanapanda mihogo. Mmoja wao, Anthony Browne, mwili wake ulipatikana miaka miwili baadaye, na ule mstari wake ukajazwa.

Waluba waliokufa siku ile kwenye vichaka vile, vitabu vinasema ni kama 25. Namba, basi. Siwalaumu Waireland kwa kuwaandika watu wao. Nasema tu kwamba upande wetu hakukuwa na jedwali lolote lililokuwa na nafasi ya kuwaandika, wala kwa majina matatu, wala kwa moja.

Halafu ikaja enzi ya Zaire, na hapo ndipo postinomu inapozaliwa. Mwanzoni mwa 1972 Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, akaamuru kila raia aache jina la kizungu achukue la mababu. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kwenda kukaa Roma kwa muda. Sheria ya majina ikafuata mwaka 1973, na Kanuni ya Familia ya 1987 ikashikilia kwamba majina yachotwe kwenye utamaduni wetu. Kwenye shule na makanisa, mtu aliyekuwa Pierre Ilunga akaambiwa atafute lingine la kujaza pengo. Akachukua la babu, Kabamba. Baada ya 24 Aprili 1990, chama kimoja kilipokwisha, Pierre akarudi mlangoni, lakini Kabamba hakuondoka. Mtu akabaki na matatu.

Fanya hesabu sasa. Mzee huyo ana cheti cha msingi cha 1968 chenye Pierre Ilunga, diplomu ya 1975 yenye Ilunga Kabamba, na kadi ya uchaguzi yenye Ilunga Kabamba Pierre. Mtu mmoja, karatasi tatu, na kila ofisi inataka zifanane. Serikali ilibadilisha modeli ya mtumiaji wakati watu milioni nyingi walikuwa tayari ndani, na haikuandika popote kwamba huyu wa zamani na huyu mpya ni yule yule. Kazi hiyo aliachiwa mwenye jina, na anaifanya mpaka leo, dirisha kwa dirisha, akiwa na mashahidi wawili na hela ya mhuri.

Mahali pa kuzaliwa napo ni vivyo hivyo. Aliyezaliwa Niemba mwaka 1958 alizaliwa Kongo ya Wabelgiji, karibu na Albertville. Akaishi Kaskazini ya Katanga, akaishi Shaba ndani ya Zaire, Albertville ikawa Kalemie, Shaba ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997, na 2015 Katanga ikagawanywa akajikuta Tanganyika. Mzee hakuhama hata siku moja. Niemba imebaki Niemba, safu zilizokuwa juu yake ndizo zilizokimbia.

Na utauliza, kwa nini usitumie namba ya kitambulisho ya taifa? Ipi? Sensa ya mwisho ni ya 1984. Kadi ya uchaguzi ndiyo tunayoitumia kama kitambulisho tangu ule uandikishaji wa 2005, na kila mzunguko wa uchaguzi watu wanapanga foleni upya. Tarehe 30 Juni 2023 rais alipokea kadi ya kwanza ya kitambulisho kipya cha taifa, na mwaka uliofuata mkataba wa mradi ukavunjwa. Ongeza kwamba vita vya Watwa na Waluba vya 2016 na 2017 viliunguza nyumba nyingi huku kwetu, na karatasi ndani yake. Ukimwambia mtu aliyekimbia na mtoto mgongoni "lete namba ya kadi", unamwambia nenda nyumbani.

Basi nilikaa nikaanza upya. Kubadilisha mtumiaji katikati ya mradi nilijaribu jioni mbili, nikakutana na makosa ya migresheni yanayozunguka yenyewe, nikaacha. Wanachama hawakufika hata mia tatu, kwa hiyo nilitoa data yote kwenye faili, nikaunda hifadhidata mpya, nikaandika modeli inayoitwa Mwanachama kabla ya kitu kingine chochote, ndipo nikawarudisha watu. Maneno ya siri hayakupotea. Django haihifadhi neno lenyewe, inahifadhi unga wake baada ya kulisaga, na unga huo unahamishika. Hakuna aliyelazimika kuchagua neno jipya.

Mwanachama ana jina, postinomu na prenomu, kila moja na safu yake, na prenomu inaruhusiwa kubaki tupu, maana tunao waliozaliwa miaka ya Zaire wasioitaka. Kuna safu nyingine inayoitwa jina kwenye diplomu, inayoandikwa herufi kwa herufi kama diplomu inavyosema, hata kama diplomu imekosea. Majina ya zamani yana jedwali lake, na mtu anaweza kuwa nayo mengi. Mwaka wa kuzaliwa unaweza kuandikwa "karibu na", kama karani wa zamani alivyoandika, badala ya kumzulia kila mzee tarehe 1 Januari.

Kuingia, nilikuwa nataka kutumia simu. Wenzangu wakanikatalia na walikuwa sahihi. Simu huku inashirikiwa, mume na mke laini moja, na mtu akipoteza laini anapoteza akaunti. Halafu 081 na +243 81 ni simu ile ile ila programu inaona mbili. Tukaamua namba ya uanachama tunayoitoa wenyewe, ambayo haina maana yoyote ndani yake, haibebi mkoa wala mwaka. Jina la mkoa tumeona linavyofanya. Simu inabaki kuwa njia ya kumpata mtu, na watu wawili wanaruhusiwa kuwa na moja.

Ule ukaguzi wa kuzuia watu wawili nimeuondoa. Programu ikiona majina yanafanana inamwonyesha karani, karani anapiga simu anauliza. Inachosha, najua. Katibu wetu ameshalalamika.

Papa mwalimu yumo sasa, na Kabamba wake na Mwamba wa mwenzake kila mmoja mahali pake. Nafasi ile ya mafunzo haikurudi. Nilimwonyesha mstari wake kwenye kioo cha simu, akausoma polepole, akaniambia "Mwamba" kwao wanaliandika kwa u, Muamba, na ndivyo lilivyo kwenye diplomu yake. Nilikuwa nimenakili kutoka kwenye karatasi ya kwanza. Nikalirekebisha pale pale, akiangalia.

Wa Niemba ambao hamjahakiki majina yenu, karani atakuwa karibu na kituo cha reli Jumamosi mbili zijazo, asubuhi. Njooni na diplomu, au picha yake kwenye simu. Asiye na karatasi aje na mtu anayemjua.